Jinsi ya kusoma daftari za biashara ya manyoya za Ghuba ya Hudson na kuwasikia wenyeji ambao hawakushika kalamu

Tarehe 5 Februari 1717, ndani ya ngome ya York pale Ghuba ya Hudson, kaskazini mwa nchi ambayo leo tunaiita Kanada, mzee mmoja wa Kiingereza anaitwa James Knight, mkuu wa ngome hiyo, alikaa akaandika kwenye daftari lake la kila siku kwamba yule mwanamke amefariki. Akaandika kwamba hali ya hewa siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko siku zote za msimu ule, lakini kwake ndo ilikuwa siku ya majonzi kuliko zote kwa kumpoteza yeye, na kwamba maishani mwake hajawahi kuona mtu mwenye ujasiri na msimamo kama ule. Huyo mwanamke alikuwa binti wa Kidene, alitekwa na Wacree (Wadene na Wacree ni mataifa mawili ya wenyeji wa huko), akatoroka, mwishoni mwa 1714 akafika ngomeni amebaki kidogo afe kwa njaa na baridi, alafu mwaka uliofuata akatoka na msafara kwenda kupatanisha watu wake na hao hao Wacree, na akafanikiwa. Knight alimheshimu mno. Sasa chukua daftari lote hilo ulisome mwanzo mwisho, jina lake halimo. Anaitwa "mwanamke mtumwa", basi. Jina lake ni Thanadelthur, maana yake inahusiana na mnyama mdogo wa manyoya wa jamii ya kicheche, na tunalijua kwa sababu Wadene wenyewe walilitunza mdomoni, bibi akamsimulia mjukuu, mjukuu naye akaja kuwa bibi.

Nimeanza na yeye makusudi, maana kila anayetaka kuisoma historia ya biashara ya manyoya kule kaskazini anakutana na jambo hili hili. Wenye kalamu walikuwa wazungu wachache waliojifungia kwenye vituo vya mbao kando ya bahari ya barafu, na wenye kila kitu kingine, yaani ngozi, mitumbwi, njia, chakula, lugha, walikuwa wenyeji, na wao hawakuandika. Ukisoma juu juu unatoka na picha kwamba mzungu ndo aliendesha biashara na mwenyeji alikuwa analeta ngozi tu mlangoni. Daftari zenyewe zinakataa hiyo picha, tena kila ukurasa, ila inabidi ujue kuzisoma. Nimekaa nazo usiku mwingi sana, na haya ndo ninayomwambia yeyote anayeanza.

Mjue biva kwanza

Usifungue daftari kabla hujamjua mnyama. Biva ni mgugunaji mkubwa wa majini, anaangusha miti kwa meno na kujenga mabwawa, na chini ya manyoya yake marefu ya juu ana sufu laini iliyosongamana ambayo kila unywele una vikulabu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Hivyo vikulabu ndo mtaji wote wa hii biashara. Sufu ile ukiikanda kwa mvuke na maji moto inashikana yenyewe inakuwa felti, na felti ya biva ndo ilikuwa kofia za watu wa Ulaya, ngumu, nyepesi, mvua ikiipiga haipotezi umbo. Biva wa Ulaya walikuwa wameshawindwa karibu waishe, hivo macho yote yakahamia ng'ambo ya Atlantiki.

Na hapa pana kitu ambacho wengi hawakijui. Ngozi iliyotafutwa sana hapo mwanzo haikuwa mpya, ilikuwa kuukuu. Wenyeji walishona ngozi kadhaa zikawa joho, manyoya yakiwa upande wa ndani, wakalivaa majira yote ya baridi na mara nyingi zaidi ya hapo, wakatembea nalo, wakalala nalo, jasho na mafuta ya mwili yakalainisha ile sufu na manyoya marefu yakapukutika yenyewe. Ngozi ya namna hiyo ikimfikia fundi wa kofia Paris au London, ile kazi ngumu ya kung'oa manyoya ya juu inakuwa imeshafanyika. Wafaransa waliiita biva wa mafuta, na ile ambayo haijavaliwa wakaiita biva mkavu. Waingereza kwenye leja zao waliandika "coat" kwa ya kwanza na "parchment" kwa ya pili. Kwa hiyo ukikuta mstari umeandikwa "coat beaver" usiupite kama namba tu, kila ngozi hapo ina mwaka mzima wa mtu ndani yake, kuna mwanamke aliyeikwangua, akaikanda na kuishona, na kuna mtu aliyeivaa akiwinda kwenye baridi ya kuua. Fundi wa Paris alikuwa anamalizia kazi iliyoanzia kwenye hema la Wacree.

Daftari ziko wapi na zimepangwaje

Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati na mfalme Charles II tarehe 2 Mei 1670, na hati hiyo iliwapa nchi yote ambayo mito yake inamwaga kwenye Ghuba ya Hudson, kama kilomita za mraba milioni 3.9, bila kuulizwa hata mtu mmoja aliyekuwa anaishi humo. Na wazo lenyewe halikuzaliwa London. Wafaransa wawili, Radisson na Groseilliers, walizisikia habari za ghuba na utajiri wa biva kutoka kwa Wacree, wakarudi kwao na shehena ya ngozi, wakuu wao wakawabana kwa faini, wakaenda kuwapelekea Waingereza hiyo siri, na mwaka 1668 meli ndogo inaitwa Nonsuch ikavuka hadi kusini ya ghuba, ikakaa huko majira ya baridi na kurudi na ngozi mwaka 1669. Kuanzia hapo mabwana wa London wakawa wanataka kila mkuu wa kituo aandike kila siku nini kimetokea, na daftari zisafirishwe kwa meli inayokuja mara moja kwa mwaka barafu ikiachia. Ndo maana zimebaki nyingi kiasi hiki.

Leo zinatunzwa Winnipeg, kwenye nyaraka za serikali ya jimbo la Manitoba, kampuni ilizitoa zawadi mwaka 1994, na sehemu kubwa imeshapigwa picha na kuwekwa mtandaoni unasoma bure. Ukifika pale jifunze herufi zao kwanza. A ni makao makuu ya London, B ni vituo, C ni meli. Kila kituo kina namba yake, York ni B.239, Churchill ni B.42, na baada ya namba inakuja herufi ndogo, "a" ni daftari la kila siku, "d" ni hesabu, "e" ni ripoti za wilaya. Ukiona B.239/a/3 basi ni daftari la siku la York, la tatu kwenye mpangilio. Anza na "a", ila "d" usiitupe, nitakwambia kwa nini.

Mwandiko utakusumbua wiki ya kwanza alafu jicho linazoea. Herufi s ya katikati ya neno inaandikwa ndefu kama f, na "ye" si neno geni, ni "the". Tahajia kila mtu ana yake, neno moja unalikuta limeandikwa namna tatu ukurasa mmoja. Soma kwa sauti, wengi wao waliandika jinsi walivyosikia.

Angalia sana tarehe. Hapa mimi mwenyewe nilipoteza karibu wiki mbili. Waingereza hadi 1752 walikuwa wanauanza mwaka mpya tarehe 25 Machi, siyo Januari mosi, kwa hiyo Februari ambayo sisi tunaihesabu ni ya 1717 kwao bado ni 1716, na mara nyingine wanaandika kwa mkwaju, 1716/17. Mimi nilikuwa nasoma habari za Thanadelthur nikidhani kuna majira mawili tofauti ya baridi, matukio yananigongana, huku anaumwa kule anasafiri, hadi nilipoelewa ni baridi moja ile ile. Kila tarehe kuanzia Januari mosi hadi Machi 24 kabla ya 1752 iandike kwako kwa mkwaju, na kama unalinganisha na karatasi za Wafaransa kumbuka pia kalenda yao ilikuwa mbele kwa siku 10 kwenye karne ya 17 na siku 11 kwenye karne ya 18 hadi 1752.

Piga mstari katikati ya karatasi

Hii ndo mbinu yangu kubwa na kama utachukua kitu kimoja tu humu chukua hiki. Daftari lako mwenyewe ligawe sehemu mbili. Kushoto andika maneno ya mwandishi kuhusu watu, yaani sifa, malalamiko, hasira, huruma. Kulia andika matendo tu, nani kaja, katoka wapi, kaja na nini, kachukua nini, kakataa nini, kaondoka lini. Ukimaliza mwezi mmoja wa daftari funika upande wa kushoto kwa mkono usome kulia peke yake. Unakutana na watu wengine kabisa. Kushoto kuna "wavivu", "waongo", "ombaomba". Kulia kuna mtu aliyesafiri na familia yake wiki kadhaa mtoni, akaikagua bunduki, akairudisha, akachukua nyingine, akadai aongezewe baruti, akapewa.

Mfano mzuri ni neno kufa njaa. Utalikuta kila mahali, wenyeji wamefika "starving". Kuna wakati ni njaa kweli kweli, watu wanakufa, na hilo usilifanyie mzaha. Lakini mara nyingine maana yake ni kwamba chakula ni kidogo hivo muda wote wanautumia kuwinda nyama na hawawezi kutega biva, na mara nyingine ni lugha ya heshima ya kufungulia mazungumzo, mgeni anajishusha ili anayempokea amtendee ukarimu. Utajuaje ni ipi? Angalia upande wa kulia. Waliondoka siku ya pili na tumbaku na shanga, au walikaa mwezi mzima wanalishwa uji na samaki?

Neno uvivu nalo hivo hivo. Wakuu wa vituo wanashangaa kwamba wakipandisha bei ya ngozi wenyeji wanaleta ngozi chache, siyo nyingi, na wanahitimisha kwamba hawa watu hawana akili ya biashara. Sasa hesabu mwenyewe. Mtu anashuka na mtumbwi mdogo wa gome la mti wa birch, humo ndani kuna mke, watoto, ngozi na chakula, na akirudi anapanda mto dhidi ya maji na kila maporomoko anabeba kila kitu mgongoni. Mtumbwi una ukomo, na mahitaji yake ya mwaka ni bunduki inayofanya kazi, baruti, risasi, shoka, sufuria, blanketi, tumbaku. Vikishatimia, aue biva wa ziada ili iweje? Huyo mtu anajua anachokihitaji, na mimi hapo sioni uvivu.

Majina ya watu na mataifa

Usitegemee kukuta majina unayoyajua leo. Waingereza waliwaita wenyeji wote "Indians", siyo watu wa India. "Northern Indians" ni Wadene, hasa wale walioitwa Wachipewyan. "Southern Indians" ni Wacree. "Stone Indians" ni Waassiniboine. "Uplanders" ni yeyote anayetoka bara, juu ya mito, na "home guard" ni Wacree wa pwani waliokaa karibu na ngome, na hao ndo walioilisha ngome, kila masika na kila vuli wanawinda bata bukini kwa maelfu, wanatiwa chumvi kwenye mapipa, bila hao bata ngome haivuki majira ya baridi. Jitengenezee orodha yako ya majina haya ubandike ukutani.

Majina ya mtu mmoja mmoja ndo machache. Kuna makapteni wa biashara wanatajwa, lakini wawindaji wa kawaida wanaitwa "Mhindi mmoja" na wanawake karibu hawatajwi kwa jina. Hapo ndo herufi "d" inakuja. Vuli ikifika mwindaji alichukua vifaa kwa mkopo akalipa masika kwa ngozi, na mtu anaweza kusahau kuandika jina la rafiki ila la mdaiwa hasahau. Orodha za madeni, hasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, zina majina ambayo kwenye daftari la siku huyapati. Yameandikwa vibaya, kwa sikio la Mwingereza au mtu wa visiwa vya Orkney vya Scotland, lakini yapo.

Bei zinasemaje

Pesa taslimu kule haikuwepo. Kipimo kilikuwa ngozi moja nzuri ya biva mkubwa, kwenye daftari utaona MB, yaani "made beaver", na kila kitu kilipimwa kwa hiyo, ngozi za wanyama wengine pia. Kulikuwa na orodha mbili za bei zilizotoka London, moja ya bidhaa na moja ya manyoya. Bunduki moja kwa sehemu kubwa ya karne ya 18 ilikwenda kati ya ngozi 10 na 14. Tena lile simulizi kwamba mwenyeji alitakiwa arundike ngozi hadi zifike urefu wa bunduki ndo apewe, achana nalo, bei za bunduki zimeandikwa kabisa kwenye leja na haziendi hivyo. Kama hilo la mistari midogo iliyofumwa pembeni ya blanketi za kampuni, watu wanasema ni idadi ya ngozi za kulipia, siyo, ni alama ya ukubwa wa blanketi.

Ila usidhani kwa sababu hakukuwa na rundo la ngozi basi biashara ilikuwa ya haki. Udanganyifu ulikuwepo na una jina kwenye hesabu zao wenyewe, "overplus". Bei rasmi haibadiliki, lakini kipimo cha baruti kinajazwa pungufu, kitambaa kinapimwa kwa mkono mfupi, na ile tofauti inaandikwa kama faida ya ziada. Sehemu yake ilirudi kama zawadi kwa makapteni, sehemu ikabaki. Wenyeji walilijua hilo vizuri sana, na ushahidi uko kwenye hotuba zao.

Tafuta kwenye daftari siku za Juni na Julai, mitumbwi inaposhuka. Pale ndo utaona sherehe yenyewe. Mitumbwi inatia nanga juu kidogo ya ngome watu wajipange, alafu inakuja kwa pamoja, bunduki zinapigwa hewani, ngome inajibu kwa mizinga. Kapteni anaingia, anakaa, hakuna anayeongea, wanavuta kwanza. Anavalishwa koti jekundu au la buluu na kofia yenye manyoya ya mbuni, anapewa mkate, tumbaku na brandi awagawie watu wake. Hapo hakuna ngozi iliyouzwa bado. Baadaye inawashwa kiko cha amani, inazunguka, na kapteni anasimama kusema, na anachosema ni masharti, tupimieni vizuri, msitupunje baruti, tupeni tumbaku nzuri, vijana wangu wametoka mbali na wenzenu Wafaransa wako karibu zaidi. Baada ya hapo ndo dirisha la ghala linafunguliwa na biashara inaanza. Kwa Wacree zawadi ile na kile kiko ndo vilikuwa mkataba, unavuta na ndugu, unauziana na ndugu, na ndugu hamwachi ndugu na njaa. Mkuu wa kituo aliyeona ni kupoteza muda alikuwa anaharibu kila kitu bila kujua, nitaonyesha mfano.

Penda sana malalamiko. Barua zinazokwenda London ndo dhahabu, maana mkuu wa kituo hana budi kueleza kwa nini mauzo yameshuka, na akieleza anayabeba maneno ya wateja. Mwaka 1728 Thomas McCliesh aliandika kutoka York kwamba hajawahi kusutwa kama kiangazi kile kuhusu baruti, sufuria na mashoka, hasa na wenyeji wanaopakana na Wafaransa. Soma hiyo barua kwa sikio la mteja. Hawa ni watu wanaofungua, wanajaribu, wanalinganisha mali ya Montreal na ya London, na wanarudisha. Walitaka sufuria nyepesi kwa sababu wanazibeba wao. Walitaka tumbaku ya Brazili, ile iliyosokotwa kama kamba, na kampuni ikalazimika kuinunua Lisbon. Fikiria hilo, mvutaji wa Kicree ndani ya msitu wa kaskazini anawalazimisha mabwana wa London wapeleke pesa zao Ureno.

Na bidhaa hazikuishia kwa aliyezinunua. Wacree na Waassiniboine walikaa katikati, wananunua bunduki na sufuria York, wanazitumia mwaka mmoja miwili, alafu wanaziuza bara kwa bei ya juu zaidi kwa mataifa ambayo hayajawahi kuona meli. Msomaji aliyezoea habari za misafara ya pembe za ndovu atalitambua hili haraka, anayekaa njiani ndiye anayekula. Kampuni yenyewe ilikaa pwani zaidi ya miaka 100, kituo chake kikubwa cha kwanza cha bara, Cumberland House, kilijengwa 1774.

Watafute wanawake

Hapa nakuomba uwe na subira. Wanawake wako kwenye daftari kwa kazi zao, siyo kwa majina. Kila ukiona viatu vya theluji vimefumwa, ngozi imekwanguliwa, mtumbwi umezibwa kwa utomvu, moccasin, yaani viatu laini vya ngozi, jozi kadhaa zimepokelewa, andika kulia "mwanamke". Samuel Hearne, Mwingereza wa kampuni, alijaribu mara mbili kufika mto Coppermine kaskazini ya mbali akashindwa, na Matonabbee, kiongozi wa Kidene aliyekuja kumfikisha kati ya 1770 na 1772, alimweleza sababu, umesafiri bila wanawake. Nani atakubebea, atashona nguo, atapika, atasimamisha hema? Mwanamke mmoja, alisema, anabeba au kuvuta mzigo wa wanaume wawili. Maneno yake yana ukali unaoumiza kuyasoma, anawazungumzia kama vyombo, lakini ukweli uliomo ni kwamba safari ile maarufu ilibebwa na watu ambao majina yao hatunayo.

Alafu kuna ndoa. Wafanyabiashara wengi walioa kwa mila za nchi ile, bila padri, kwa ridhaa ya familia ya mwanamke na kwa zawadi, na mke alikuwa mkalimani, mwalimu, na daraja la ukoo. Kwa watoto wa ndoa hizi ndo lilikuja kutokea taifa la Wametis. Ukiona kituo fulani ghafla kinapata ngozi nyingi kutoka bonde fulani, uliza mkuu wake ameoa wapi.

Sasa ule mfano. Henley House kilikuwa kituo kidogo kwenye mto Albany. Majira ya baridi ya 1754 kuingia 1755 mkuu wake William Lamb na watu wake waliuawa na Wappisis, kapteni wa Kicree aliyekuwa akiheshimika, pamoja na wanawe. Kampuni ikamnyonga yeye na wanawe wawili pale Albany mwaka 1755. Ukisoma kushoto tu ni usaliti wa washenzi. Soma kulia. Lamb aliweka ndani ya nyumba wanawake wa familia ya Wappisis, wakila chakula cha kituo, na ndugu zao walipokuja na njaa akawanyima chakula na kuwazuia kuingia. Kwa sheria ya watu wale, ukichukua wanawake wangu wewe ni mkwe wangu, na mkwe hafungi mlango baridi inaua. Kuua ni kuua, simtetei mtu, lakini bila kuijua sheria iliyovunjwa kwanza huwezi kusema umeielewa kesi.

Ukifika miaka ya ndui

Ndui ya 1781 na 1782 usiisome siku uliyochoka. Daftari za Cumberland House chini ya William Tomison zinaonyesha wagonjwa wanaletwa, wanauguzwa ndani, wanazikwa kwenye ardhi iliyoganda, na habari za mahema ambayo hakuna aliyebaki hai. Hearne alikadiria kwamba katika Wachipewyan tisa kati ya kila kumi walikufa. Chukua hiyo kama kipimo cha mshtuko wa mtu aliyekuwepo, usiinakili kama sensa. Matonabbee mwenyewe alijiua mwaka 1782, baada ya Wafaransa kuiteka ngome ya Prince of Wales pale Churchill, na wake zake kadhaa na watoto wakafa njaa baridi iliyofuata. Na angalia ngozi mwaka huo, zinashuka ghafla, na barua za biashara zinalalamikia mapato. Andika hizo namba upande wa kulia pamoja na vifo, zisitengane.

Karatasi za Montreal na za kampuni ya North West, wapinzani wa Hudson's Bay, zisome kwa jicho lingine, ni daftari za watu binafsi zaidi na hesabu zake zimebaki chache. Humo ndo utakutana na wapiga kasia wanaobeba mafurushi ya ratili 90, mawili kwa mpigo, kwa mkanda wa paji la uso, kilomita 14 za njia ya Grand Portage. Na kila furushi lile lilisukumwa na pemikani, nyama ya nyati wa nyikani iliyokaushwa, ikatwangwa, ikachanganywa na mafuta, kazi ya wanawake wa nyika tena. Chakula hicho kilipopigwa marufuku kutoka nje ya makazi ya walowezi ya Red River mwaka 1814 mgogoro ukakua hadi watu wakauana Seven Oaks, huko huko Red River, tarehe 19 Juni 1816, na kampuni mbili zikaungana 1821.

Usimalize bila kutafuta masimulizi ya Wacree na Wadene wenyewe, yaliyorekodiwa kwa wazee na mengine wanayachapisha wao. Kama yanatofautiana na daftari usikimbilie kusema mzee kakosea. Ya Thanadelthur yanatofautiana na ya Knight kwa mambo kadhaa, na bila hayo tungekuwa hatuna hata jina.

Chagua kituo kimoja na majira mamoja ya baridi, Septemba hadi Juni, usiruke siku hata kama mwandishi kaandika upepo tu. Na ukianza na York, B.239/a, ukafika Februari ile ya 1716/17 pale Knight anapoandika kuhusu hali ya hewa nzuri, yeye kaacha jina, wewe kwenye daftari lako, upande wa kulia, liandike kamili, Thanadelthur.